Mama Amemwambia Bosi Kwamba Namwigiza

Jamani, kesho naingia kazini na uso gani?

Leo jioni mvua imenyesha Ukunda, tuktuk zote zimejaa. Bosi wangu akajitolea kunifikisha nyumbani Msambweni. Nikashukuru.

Sasa, huyu bosi ana msemo wake. Ukimwomba lolote, likizo, karatasi za printa, hata ufunguo wa choo, huinua kidole na kusema: "Hilo tutaliangalia kwa mapana yake."

Nami kila jioni humwigiza kwa watu wa nyumbani. Kidole, sauti, kila kitu. Mama hucheka hadi akatokwa na machozi.

Tulipofika, Mama akamkaribisha kwa heshima zake zote, akampa chai. "Karibu, baba. Utakula mkate wa sinia?"

Bosi akainua kidole. "Hilo, Mama, tutaliangalia kwa mapana yake."

Baba akapaliwa na chai.

Mama akapiga makofi. "Alaa! Kumbe ndiye wewe! Mwanangu hukuigiza kila siku. Hebu Mwanasha, mwonyeshe!"

Nikasema kichwa kinaniuma.

"Usimwonee mgeni haya. Inuka!"

Nikainuka, nikaigiza. Wallahi, sauti ilitoka kama ya kuku aliyekabwa.

Bosi hakucheka. Akaweka kikombe chini. "Sivyo. Kidole ni cha mkono wa kushoto. Rudia."

Nikarudia hadi akaridhika. Mama alikuwa chini mkekani, hajiwezi kwa kicheko.

Akila kipande cha mwisho cha mkate, bosi akaaga: "Kesho mkutano wa asubuhi utauendesha wewe. Kwa sauti hiyo hiyo."

Sijui kama anatania. Niende, au niugue?