Glasi ya Kahawa Darajani

Kila asubuhi Laid Bukhalfa huweka glasi ya kahawa juu ya ubao wa kwanza wa daraja, kisha huchuchumaa na kuitazama. Siku hizi kahawa haitikisiki. Daraja limefungwa kwa mnyororo tangu msimu wa zeituni, na chini yake korongo la mji wa Konstantini lipo palepale, na kunguru wake.

Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mlinzi wa daraja hilo la nyaya, la waendao kwa miguu. Kazi yake haikuwa kuzuia wezi. Ilikuwa kuzuia watu wasikanyage kwa pamoja. Daraja likiyumba kidogo ubavuni, kila mtu hupanua miguu asianguke, na bila kuambiana wote hujikuta wanakwenda hatua moja. Na kila hatua hulisukuma daraja zaidi. Kahawa ndiyo iliyomwonya mapema. Ikianza kucheza kushoto na kulia, Laid alipaza sauti:

"Wewe mwenye kofia, funga kamba ya kiatu! Mama Huria, pumzika hapo! Nyie wanafunzi, kimbieni!"

"Kiatu changu hakina kamba, Ami Laid!"

"Basi simama uitafute!"

Hatua zilivurugika, daraja likatulia.

Wenye harusi walimchukia. Ngoma na zumari zilikoma kwenye ubao wa kwanza, bibi harusi akavushwa kimya.

"Ami Laid, kwani umelioa daraja hili?" vijana walimdhihaki.

"Limenivumilia kuliko mama zenu walivyowavumilia baba zenu," aliwajibu, na vijiti vya ngoma alivishika mwenyewe hadi ng'ambo.

Kisha akafa Sheikh Mukhtar, aliyewafundisha nusu ya mtaa kusoma, Laid akiwamo. Makaburi yako ng'ambo. Baada ya alasiri walikuja wanaume zaidi ya mia, wakipokezana jeneza, kila mmoja akitaka bega lake lipate thawabu, wakitamka la ilaha illallah kwa sauti moja. Miguu ilifuata ulimi. Mbele kabisa, pembe ya kulia ya jeneza, alikuwa Salah, mdogo wake Laid.

Kahawa ikacheza. Laid akainua mkono. Akaushusha. Akainamisha kichwa, naye akatamka.

Walipofika katikati, daraja liliwatupa ubavuni kama mtu anayekung'uta mkeka. Ukingo ukakatika. Wengi walidaka nyaya. Salah mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye jeneza, na hakuliachia.

Tume ilikuja, ikaandika kwamba ukingo uliliwa na kutu. Laid hakuulizwa kitu.

Siku ya arobaini, Wasila, binti yake, alipeleka sinia la kuskusi kwa Zubida, mjane wa Salah. Zubida hakulipokea.

"Sitaki chakula chenu, mwanangu. Na hiyo kutu yenu sitaki kuisikia. Muulize baba yako mbona alinyamaza, kisha uniletee alivyosema. Usinipambie."

Wasila alijua jibu likiwa baya, mlango ule hautafunguliwa tena kwao. Asubuhi alimkuta baba yake kwenye mnyororo, ameinamia glasi. Akakaa kando yake.

"Baba, mbona hukuwanyamazisha?"

Laid aliimwaga kahawa korongoni, akaifuta glasi kwa upindo wa joho lake la sufu.

"Niliona haya," alisema. "Niliogopa watu waseme Laid amemkatizia maiti shahada."