Jiwe la Kupimia Damu

Barua ya mdogo wangu Masunga ilinifikia Mwanza ikiwa na mistari sita, na mitano ilikuwa salamu. Wa sita ulisema ameamua kumrudisha mkewe, Minza, kwao Kimali. Kwa kuwa baba yetu alishafariki na mimi ndiye mkubwa, lazima niwepo siku ya kwenda kudai ng'ombe wa mahari. Pembeni, kwa kalamu nyingine, alikuwa ameongeza sababu: damu ya ukoo wa Minza ni mbaya.

Nilijua alichomaanisha. Mtoto wao wa kwanza alifariki kabla ya kufikisha miaka mitatu. Wa pili, Kabula, alikuwa na miaka mitano. Tangu hajatembea vidole vilimvimba, macho yakawa manjano, na mara kwa mara alilia kwa maumivu ya mifupa ambayo hakuna aliyeona yalikotokea. Minza akirudishwa, ng'ombe wachache wangebaki kwao kwa ajili ya mtoto, na mtoto angebaki kwa baba. Yaani Kabula angeachwa mikononi mwa watu wasiojua hata jinsi ya kumgeuza akiwa na maumivu.

Nilisoma biolojia chuo kikuu miaka mitatu, kisha nikaingia katika uandishi wa makala, kazi isiyohitaji maabara. Lakini nilikumbuka vya kutosha kujua kwamba ugonjwa ule ulifanana sana na selimundu, na kwamba selimundu haitoki kwa mzazi mmoja. Nikaazima hadubini kwa rafiki aliyesimamia maabara ya sekondari moja, nikaifunga pamoja na vioo vyake katika boksi la sabuni, nikaondoka kwenda kuwafundisha watu wetu sayansi. Ukisoma sentensi hiyo unaweza kukisia mapema nani aliyefundishwa.

Tulipopita Lamadi na basi kukata kuelekea Bariadi, mama aliyekaa karibu nami aliuliza boksi lina nini.

"Mashine," nikasema.

"Ya kusaga?"

"Ya kutazama damu."

Hilo lilikuwa kosa. Kituo kilichofuata alihamia kiti cha nyuma, na nikasikia ananong'ona na wenzake. Kondakta alikuja kuniuliza ninashuka wapi, kwa nani, na jina la baba yangu. Nikamtajia. Akaniambia anamfahamu, kisha akaniuliza marehemu alikuwa mrefu au mfupi.

Bariadi siku hizo ilikuwa bado wilaya ya Mkoa wa Shinyanga, na tulifika katikati ya msimu wa pamba. Soko lilikuwa limeshafunguliwa. Zamani mnunuzi alikuwa mmoja, chama cha ushirika, na watu walimlaumu yeye peke yake. Sasa wanunuzi walikuwa wengi, kila mmoja na lori lake na mizani yake, na wakulima walilazimika kugawa lawama. Katika duka jipya la dawa nilinunua sindano, pamba ya hospitali na kopo dogo la vaselini. Muuzaji alitazama vile vitu, akanitazama mimi, akaniuliza mimi ni daktari wa wapi. Nikasema mimi si daktari. Akanirudishia chenji haraka.

Masunga alinipokea na baiskeli. Tulipofika nusu ya njia, akiwa anakanyaga na mimi nimekumbatia boksi nyuma, akauliza bila kugeuka:

"Kaka, hukupitia Kimali?"

"Kimali iko upande mwingine kabisa."

"Ninauliza tu. Maana wakwe zangu wana maneno matamu."

Nyumbani tulimkuta shangazi yetu, Holo, akirudi kutoka kwenye kituo cha kununulia pamba. Alikuwa amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye kitenge.

"Mwadila, mayu," nikamsalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, baba. Umenenepa. Makala zinalipa."

Kitu kile kilikuwa jiwe. Lilipimwa zamani kwenye mizani ya ushirika, likaonekana kuwa kilo tano kamili, na tangu soko lifunguliwe shangazi hakuuza pamba bila kuliweka kwanza juu ya mizani ya mnunuzi. Asubuhi ile mizani moja ilisema kilo nne.

"Nikamwambia kijana, jiwe langu limeugua? Jana lilikuwa na tano, leo kwako limekonda hivi?" Akacheka kidogo. "Akasema mizani imechoka na safari. Nikamwambia basi ikapumzike."

Shangazi alikuwa akiishi pale tangu mimi ni mdogo. Sikuwahi kuuliza kwa nini dada wa baba anaishi kwa kaka yake badala ya kwa mume. Kwetu mtoto hukuta mambo yako hivyo, akadhani yaliumbwa hivyo. Nilichojua ni kwamba yeye ndiye aliyemwambia Masunga amrudishe Minza, na neno lake pale lilikuwa zito kuliko langu.

Asubuhi ya siku ya pili niliweka hadubini juu ya kigoda nje ya nyumba, nikageuza kioo chake kidogo kilitafute jua. Minza alikaa ameegemea ukuta, Kabula amelala mapajani mwake, akimnywesha maji kwa kikombe, funda moja moja. Nilimwona amemfunika miguu kwa blanketi ijapokuwa kulikuwa na joto.

"Nani amekwambia umfunike?"

"Hakuna," akasema Minza. "Akipata baridi inaanza. Akikosa maji inaanza."

Hayo mawili ningemwambia mimi, kwa majigambo.

Nikaanza mhadhara. Nilisema mwili umejengwa kwa vijumba vidogo visivyoonekana kwa macho, tunaviita seli. Ndani ya seli kuna chumba cha ndani, kiini, na ndani ya kiini kuna daftari lenye maagizo yote.

"Aliliandika nani?" akauliza shangazi.

"Linanakiliwa. Moja unapewa na baba, moja na mama. Kila mtu anatembea na madaftari mawili."

"Na la mama ndilo bovu," akasema Masunga.

"Subiri. Daftari halitoki kiinini. Anakuja karani, ananakili ukurasa unaotakiwa, na nakala ndiyo inayopelekwa nje kwa fundi. Jina la fundi ni ribosomu." Nikaushika mkono wa Kabula uliokuwa na uzi wa shanga aliofungwa na shangazi. "Fundi anasoma herufi tatu tatu. Kila tatu zinamtajia ushanga mmoja, anautunga. Tatu nyingine, ushanga mwingine. Uzi ukiisha unajikunja wenyewe, na jinsi ulivyojikunja ndivyo unavyofanya kazi. Uzi huo ndio protini. Nyama, nywele, vyote. Hata kinachobeba hewa ndani ya damu."

"Na fundi akikosea?" akauliza shangazi.

"Huyu hakukosea. Herufi moja kwenye daftari ndiyo tofauti. Ushanga wa sita unakuwa mwingine. Hewa ikipungua, protini hizo zinashikana zinakuwa kama fimbo, na seli iliyokuwa duara inapinda kama mundu. Zinakwama kwenye mishipa. Hayo ndiyo maumivu."

Shangazi alifikiri. "Na hiyo seli ikiona imepinda, hairudi kwenye daftari kurekebisha?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyowahi kuuliza chuoni. "Seli nyekundu ikishakomaa hutupa kiini chake. Inaingia kwenye damu bila daftari."

"Kama wanunuzi wa siku hizi," akasema. "Mizani wanayo, ofisi hawana. Ukishapunjwa hujui umwendee nani."

Nikaeleza neno la mwisho, nililolijia. Mwenye daftari moja bovu hutegemea lile zima na wala haugui. Mgonjwa kama Kabula ni yule aliyepewa bovu na pande zote mbili.

Masunga aliinuka. "Maneno ya chuo. Mimi kidole changu sikitoi."

Minza alikuwa ameshanyoosha chake. Nikachukua sindano, lakini shangazi akaniwekea mkono kifuani.

"Jiwe lako liko wapi?"

"Jiwe gani?"

"Umekuja na mizani tusiyoijua. Tunajuaje inasema kweli? Weka kwanza kitu ambacho uzito wake unajulikana."

Nilifurahi kwelikweli. Wanasayansi hufanya hivyo hasa, na mimi nilikuwa nimesahau. Nikamwambia jiwe litakuwa damu yangu. Nina zaidi ya miaka arobaini, sijawahi kuvimba kidole, watoto wangu wawili wanapanda miti. Damu safi, daraja la kwanza. Nikajichoma mbele yao, nikaweka tone juu ya kioo, nikalifunika kwa kioo chembamba. Shangazi akainama, akafumba jicho moja.

"Visahani," akasema. "Vingi."

"Hivyo ndivyo inavyotakiwa."

Kisha nikamchoma Minza na Kabula. Ya Minza ilikuwa visahani vilevile. Ya Kabula tayari ilikuwa na vilivyopinda kati ya vizima, na Minza alipotazama aliinama tena kutazama, kama aliyeonyeshwa sura ya mtu aliyemsikia tu. Nikaeleza kwamba ugonjwa uliojificha hauonekani mapema. Nikapaka vaselini pembezoni mwa vioo vyote vitatu ili hewa isiingie. Seli zingemaliza hewa iliyobaki, na kesho yake tungeona zipi zimepinda.

"Na hadi kesho nani anavilinda?" akauliza shangazi. Hakuna mizani iliyoachwa peke yake kijijini kwetu. Akavifunika kwa bakuli, akaliingiza bakuli chumbani kwake, akaweka jiwe la kilo tano juu.

Asubuhi ya siku ya tatu alitoa vioo mwenyewe, akanipa kimoja kimoja. Cha Kabula kilijaa miundu. Cha Minza kilikuwa na miundu kadhaa.

"Umeona," akasema Masunga, na sauti yake haikuwa na furaha. "Nilisema."

Nikachukua cha tatu kwa haraka, ili niwaonyeshe damu safi na kuanza kueleza ya Minza. Nikatazama. Nikasogeza kioo, nikatazama upande mwingine. Nikafuta lenzi kwa shati.

Zilikuwa zimepinda. Si zote, kama za Minza, lakini za kutosha.

Ninakiri nilichofikiri kwanza. Nilifikiri kusema kioo kimeharibika. Ni uongo rahisi, hakuna ambaye angeweza kuupinga, na kusema kweli nusu yangu iliuamini. Labda vaselini, labda joto. Hizi ndizo labda ambazo wanunuzi wa pamba hutumia.

"Tuonyeshe na jiwe," akasema shangazi. Alikuwa hatazami hadubini, alikuwa akinitazama mimi.

Nikasogea pembeni. Aliinama muda mrefu.

"Jiwe lako limekonda," akasema.

"Limekonda, shangazi."

"Na wewe na Masunga mmetoka tumbo moja, kwa baba mmoja."

"Ndiyo. Na hata bila mimi, Kabula asingeugua kama Masunga asingekuwa na daftari bovu. Ametoa moja, mama ametoa moja."

Masunga alitazama mikono yake pande zote mbili, kama vile ingekuwa imeandikwa. Minza alimpa mtoto funda jingine la maji.

Shangazi akaninyooshea kidole chake. "Chukua na yangu."

Nikamwambia hakuna haja, imeshajulikana. Akasema hakuuliza kama kuna haja. Kwa hiyo nilibaki siku nyingine, kioo kikalala chini ya jiwe, na asubuhi ya siku ya nne tukakitoa. Miundu ilikuwepo.

Akaketi kwenye kigoda. Ndipo nilipojua kwa nini aliishi kwetu. Alikuwa ameolewa Lingeka. Alizaa watoto watatu, wawili walivimba vidole, wakafa. Mume akasema tumbo lake limelaaniwa, akamrudisha, akadai ng'ombe. Babu yetu aliwarudisha ng'ombe wote, na yule wa tatu alibaki Lingeka, akakua bila yeye. Miaka yote hiyo aliamini walisema kweli. Alipowaona watoto wa Minza wanavimba, alidhani anaitambua dalili: mwanamke mwingine kama yeye, asiyefaa kukaa.

"Hao wangu," akasema, "ili waugue, ilibidi na yeye atoe moja?"

"Ilibidi, shangazi."

"Kwa hiyo yule mwanamume alikuwa nayo."

"Alikuwa nayo."

Akakubali kwa kichwa, polepole. "Na ng'ombe alichukua."

Kisha akamgeukia Masunga, akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayeagiza kuni, "Minza haendi popote. Toa baiskeli, mtoto apelekwe hospitali."

Siku hiyohiyo tuliondoka kuelekea Bariadi. Minza alikaa nyuma ya baiskeli akimpakata Kabula aliyefungwa blanketi, Masunga akaisukuma, na mimi nikafuata kwa miguu na boksi kichwani. Tulipoukaribia mji Masunga alisimama, akamnywesha mwanawe maji yeye mwenyewe, funda moja moja, akimtazama Minza ili ajue kama anafanya sawasawa. Minza akamwambia ainue kichwa cha mtoto kidogo.

Wakati wa kuagana nyumbani, shangazi alikuwa amenisindikiza hadi mwisho wa shamba la pamba. Aliniambia mhadhara wangu ulikuwa mzuri, ila mrefu. Kisha akasema siku nyingine nikija na mizani, nisijitoe mimi kuwa jiwe.

Niliwaacha hospitalini Bariadi, na kwenye basi la kurudi nilipoulizwa boksi lina nini, nilisema sabuni. Nilikuwa nimekwenda kuwaondolea watu wetu shaka, na kumbe aliyeniokoa nisiwadanganye alikuwa mwenye shaka kuliko wote. Mimi ndiye niliyekwenda na uhakika.

Nilifika Mwanza kesho yake mchana. Wanangu walikuwa juu ya mpera kama kawaida. Niliwatazama kwa muda kabla ya kuingia ndani, nikaweka boksi mezani, nikamwomba mke wangu anipe kidole chake.

Akanitazama, akaitazama sindano.

"Chako umetoa?"

"Nimetoa."

"Ukaona nini?"

Nikavuta kiti, nikakaa, nikaanza kumweleza.