Mwalimu wa kwenye tovuti alikuwa nyuma yangu

Jamani, leo nimemsengenya Mwalimu Sanga kwa Mwalimu Sanga mwenyewe.

Mnajua hesabu za logarithimu zinanitesa, na mtihani wa kidato cha nne unakuja. Darasani siulizi. Mwalimu Sanga akisikia swali rahisi anaguna tu, na darasa zima linacheka.

Basi leo nimeingia intaneti kafe ya dada Zuhura, hapa Makambako. Kuna tovuti ya bure ambako walimu wanawajibu wanafunzi. Nikajiita Mkulima, nikauliza.

Jibu likaja: "Swali zuri sana, mwanangu. Umekwama hatua gani?"

Mwanangu, jamani.

Nikaandika kwamba nimekwama hatua ya kwanza, na mwalimu wetu ni mkali, namwogopa.

"Pole sana. Wengine hawajui kufundisha."

Hapo umeme ukakatika.

"Zuhura, washa jenereta," sauti ikasema nyuma yangu. "Nina mtoto hapa amekwama kwenye logarithimu."

Nikageuka. Mwalimu Sanga, na koti lake lilelile la shuleni.

"Shikamoo, mwalimu. Mkulima ni mimi."

Akanitazama weee.

"Marahaba. Hebu geukia huko usubiri. Tukitazamana nitakufokea bure."

Jenereta ikawaka. Tukapeana migongo, akaniandikia polepole, hatua kwa hatua, mpaka nikaelewa. Likabaki swali moja.

"Hilo uniulize Jumatatu darasani," akaandika. "Nitajaribu nisikufokee."

Ninyi mngenyoosha mkono?

Mimi naona nitanyoosha.