Andazi Lililodakwa

Ko! Niliusikia mlio huo kabla sijaona chochote, halafu mwangwi wake ukakimbia chini ya paa la uwanja kama mbuzi aliyeponyoka. Ndivyo nilivyokutana na mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu, mimi mtoto wa Dodoma, siku niliyokwenda kuomba kazi ya kupika kahawa katika klabu moja ya Stockholm, miaka ya sabini.

Meneja wa klabu alikuwa golikipa bingwa aliyestaafu. Alivua pedi akavaa tai, lakini mwili wake haukupewa taarifa. Ukimrushia funguo, alidaka. Kalamu ikiteleza mezani, alidaka. Kila alipoingia ofisini aligonga miimo ya mlango, kushoto kisha kulia, kama alivyogonga nguzo za goli zamani. Mbele yake hakikuanguka kitu, nami mwenye mikono inayoteleza kama siagi nilimpenda kwa hilo.

Alasiri moja ya theluji, nikiwa ofisini na sinia ya kahawa na maandazi, mfungaji wetu bora alikuja kuaga. Timu ya Marekani ilimtaka, na ndege ilikuwa jioni ile ile. Bila yeye tulikuwa timu ya kupigia picha tu. Meneja alibembeleza, akaahidi, bila mafanikio. Akainuka, akagonga miimo, akasimama mlangoni, magoti yamekunjwa, mikono wazi.

"Bosi, nipishe."

"Pita. Wengi walijaribu."

Mfungaji akazuga kushoto. Meneja yuko kushoto. Akageukia kulia, tai ya meneja ilishafika.

Koridoni alikuwapo msafishaji wetu, dada wa Kisumu, na ndoo yake. Akanirushia Kiswahili juu ya bega la bosi: "Ndugu yangu, huyu mzee ataota mizizi hapo? Nitapiga deki saa ngapi?"

"Subiri, dada, mechi haijaisha."

"Mechi gani, na mpira hakuna?"

Mfungaji hakujua Kiswahili, lakini jicho lake lilitua kwenye sinia yangu. Akanyakua andazi la mdalasini, akalivurumisha pembe ya juu ya chumba, karibu na saa ya ukutani.

Meneja akaruka. Loo, aliruka! Alitua kwenye zulia, sukari imemwagikia tai, andazi zima mkononi.

"Nimedaka!" akapaza sauti, uso kama wa mtoto siku ya Idi.

Nikapiga makofi. Mfungaji naye alipiga, kwa heshima kabisa, akiwa koridoni tayari, akiruka ndoo ya dada. Kisha mlango ukajifunga nyuma yake: ko.