Nilimgeuzia bosi kamera, mama yuko eda

Admini, jina langu libaki kwako. Mimi ni binti wa miaka ishirini na sita, kwetu ni Waa, huku pwani, na nimejaa kinyaa hadi chakula hakipiti.

Baba alifariki miezi miwili iliyopita. Mama yuko eda, na juu ya hayo ana presha. Kwetu mjane akiwa eda hatoki ovyo, wala haonwi na mwanamume wa nje. Shangazi hukaa naye, lakini Jumanne na Alhamisi huwa shambani kwake, na mimi ndiye mtoto pekee. Msiba haujapoa nikapata kazi Diani, ofisi ya kukodisha nyumba za wageni. Kazi yenyewe ni kujibu wageni kwenye kompyuta, basi. Wiki ya tatu nikajikaza, nikamwomba bosi siku hizo mbili nifanyie kazi nyumbani.

Bosi si mtu wa huku. Akanitazama, akacheka. "Bado uko kwa majaribio na ushaanza stori za mama mgonjwa? Sawa. Kesho Jumanne baki huko, lakini nitakupigia video nihakikishe."

Saa tatu asubuhi akapiga. Mama alikuwa amejilaza mkekani nyuma yangu, dawa zimemlegeza, kichwa wazi, kanga imemshuka begani, usingizi umemchukua.

"Nionyeshe huyo mama."

Nikamwambia, "Bosi, niwie radhi, mama yuko eda. Haonwi na wanaume."

"Eda ndiyo nini sasa? Nisipomuona, hakuna ruhusa. Na kesho usirudi kazini."

Jamani, nikageuza simu. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu huu!

Nikasikia sauti ya mwanamume mwingine huko ofisini: "Kumbe yupo kweli!" Wakacheka wote wawili. Kefule! Walimkagua mama yangu kama mzigo wa lori pale mpakani Lunga Lunga. Bosi akasema, "Haya, nimeamini. Jumanne na Alhamisi ni zako." Nami, mtoto niliyelelewa kwa adabu, nikajibu, "Ahsante, bosi." Bosi ananichefua, lakini hiyo ahsante yangu inanichefua zaidi.

Mama hajui. Alipoamka nikamwambia tu kwamba nimepewa ruhusa, akainua mikono palepale. Tangu siku hiyo, kila akimaliza kusali anamwombea: "Mola amzidishie huyo bosi wako, mwanangu. Amenistahi." Nami naitikia amin, mdomo umejaa mate machungu.

Nikimwambia, presha itapanda, na najua ataniamuru niache kazi leo hii, nasi hatuna mwengine wa kutulisha. Nikinyamaza, ndiyo nimemvunjia heshima mara mbili. Eda imebaki zaidi ya miezi miwili.

Nishaurini, ndugu zangu, nimwambie au nimeze? Leo ni Alhamisi, adhuhuri imekaribia, na ananiita nimtilie maji ya udhu.