Msaragambo wa Mtaa wa Stesheni

Jumamosi ile, mwaka uliofuata Azimio la Arusha, Zamda binti Kibwana alisimama mlangoni pa mgahawa wake karibu na stesheni ya Korogwe, akiichungulia barabara.

Bei ya mkonge ilipoanguka, mtaa wake ulianza kupukutika. Maduka yalifungwa moja moja, kuta zikamenyeka, wenye uwezo wakakimbilia viwanja vipya kando ya barabara ya Mkumbara. Sasa kamati ya mji ilitaka kuyakata viwanja mashamba ya mahindi ya huko na kulihamishia soko la mtaa wake. Mwenyekiti, Mzee Semboja, alisema wazi: "Tutapita Jumamosi. Tukikuta magofu, soko linahama." Soko likihama, mgahawa nao kwisha.

Zamda hakwenda kulia kwa wakubwa. Aliwaendea wenye mashamba yale, akaitisha msaragambo, kazi ya ujima kama ile ya shambani: waje kwa umoja wao, wakandike nyumba tupu ambazo wenye nyumba waliridhia zipangishwe. "Mji ukijaa ndani," aliwaambia, "hautakula mahindi yenu."

Lakini jua lilishapanda na barabara bado nyeupe.

Mara akasikia wimbo. Athuman, mkulima, alitangulia na jembe begani. Nyuma yake wanaume kwa wanawake, madebe ya maji vichwani.

"Mama Zamda! Msaragambo mjini? Tulime reli?"

"Limeni kuta, baba! Maneno baadaye!"

Mtaa ukalipuka. Udongo ulikanyagwa, ukarushwa, ukapigwa viganja. Filomena, fundi cherehani, hakungoja ukuta ukauke. Alishaweka cherehani yake barazani. "Hapa pangu, asije mtu!"

Kamati ilifika harufu ya vitumbua imetanda. Mzee Semboja akanyoosha mkono achukue kimoja. Zamda akalivuta sinia.

"Shikamoo, mzee. Msaragambo una sheria yake: asiyekanyaga udongo hali."

Mwenyekiti alivitazama viatu vyake vilivyong'aa. Kisha akavivua, akakunja suruali, akaingia udongoni. Vigelegele!

"Kwa nguvu, mzee!" Athuman akamtania. "Unaukanda au unaubembeleza?"

Alikanyaga mpaka jasho likamtoka, macho yakipita kwenye kuta mbichi, kwenye cherehani iliyokwisha kuanza kulia.

"Soko halihami," akasema, akihema. "Wala kiwanja kipya hakigawiwi mpaka nyumba hizi zijae."

Zamda akamsogezea sinia zima.