Gayogayo Tisa wa Daktari

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya samaki, Doha, nilipewa ndoo, brashi na glavu, kisha nikaonyeshwa sinki. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Nilikuwa nimetoka Tanga kwa mkataba wa usafi, kuosha chupa na kupiga deki. Formalini, dawa ya kuhifadhia samaki wasioze, ilinitoa machozi wiki nzima. Mkuu wa maabara, Daktari mmoja mtu mzima kutoka Iskanderia, alinikuta nafuta macho. Alifungua dirisha mwenyewe.

Mwaka wa pili aliniona napanga chupa rafuni kwa kufuata sura za samaki, maana karatasi za majina zilikuwa zimebanduka.

"Umm Said, nani kakufundisha?" Ndivyo alivyoniita, mama yake Said.

"Hakuna, Daktari. Nawatazama tu."

Akanitoa kwenye sinki akanipeleka soko la samaki, nichague mezani kwa wauzaji kila samaki ambaye sijamwona. Nilikaa huko miaka minne. Niliporudi maabara nilikuwa fundi wa sampuli, na ndipo aliponifundisha gayogayo.

Gayogayo ni samaki bapa anayelala mchangani kama jani. Akiwa bado mdogo ana jicho kila upande. Akikua, jicho moja huhama, likavuka kichwa, yote mawili yakakaa upande mmoja. Unamsimamisha tumbo likiwa chini na macho yakikutazama. Kichwa kikielekea kushoto kwako, huyo ni wa jamii ya macho-kushoto. Kisha unahesabu njiti za mapezi na magamba ya mstari wa ubavuni, na unapima nafasi kati ya macho kwa bikari.

"Hesabu, sahau, halafu hesabu tena," Daktari alizoea kuniambia.

Mwaka mmoja, Daktari akikaribia kustaafu, tuliletewa gayogayo tisa wadogo kutoka nyavu za kukokota. Macho yao yaliachana zaidi kuliko ya yeyote tuliyekuwa naye chupani, na njiti za pezi la ubavuni zilikuwa ndefu kama nyuzi. Daktari aliwatazama asubuhi nzima. Mwisho akasema taratibu, "Huyu hajaandikwa."

Tulifanya kazi miezi mingi. Mimi nilipima, yeye akaandika maelezo ya spishi mpya. Alikataza kuwapasua, walikuwa tisa tu, na mmoja angewekwa kuwa sampuli mama, yule ambaye wataalamu wote baadaye watalinganisha naye. Jina alilochagua lilikuwa la marehemu mama yake. Makala ikatumwa.

Wiki chache baadaye nilipelekwa bandarini kupokea shehena ya utafiti. Katika kapu moja walikuwemo gayogayo wabichi wa aina mbili: wa macho mbali kama wale tisa, na wa macho karibu, ambao tuliwajua kwa jina lao miaka yote. Gayogayo mbichi ni mwembamba na mwanga humpenya, tofauti na aliyekaa kwenye formalini. Ukimwinua kwenye mwanga, mfuko wa mayai unaonekana kama kivuli kirefu kinachoelekea mkiani. Niliwainua mmoja mmoja. Wale wa macho karibu, kila mmoja alikuwa na kivuli. Wa macho mbali, hakuna hata mmoja.

Nilikaa juu ya kreti. Hawakuwa spishi mbili. Walikuwa mume na mke.

Odhiambo, dereva wetu Mkenya, alinirudisha nyumbani, mtaa wa Najma, jioni ile. Nilimweleza yote.

"Mathe, si uachane na hiyo maneno," akasema. "Daktari ndiye anasaini karatasi zako. Akikasirika, iqama inaisha, unarudi home. Nani atajua?"

Alisema kweli; bila iqama, kibali cha ukaazi, nisingeweza kubaki Doha. Mkataba wangu ulikuwa umebakiza miezi miwili, na mwanangu Said alikuwa chuoni. Lakini mkono ulioandika vipimo vile ulikuwa wangu.

Asubuhi niliweka samaki wabichi mezani kwa Daktari, nikawasha taa, nikamwomba atazame. Alitazama. Aliinua wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha akazima taa.

"Nani mwingine anajua?"

"Dereva tu, Daktari."

Akatoka. Siku mbili alijifungia ofisini kwake. Nilianza kupanga nguo zangu sandukuni.

Siku ya tatu alileta chupa ya wale tisa akaniwekea kisu mbele yangu. "Fungua," akasema. "Wewe ndiye uliyewapima." Nikawafungua wote. Wote madume.

Siku hiyohiyo aliandika barua ya kuiondoa makala. Alipomaliza akavua miwani. "Mama yangu alikuwa na jina zuri, Umm Said. Asingependa apewe samaki ambaye tayari ana jina jingine."

Tuliandika upya maelezo ya yule samaki wa zamani, safari hii dume na jike pamoja. Makala hiyo haikumshangaza mtu. Mwaka uleule Daktari alistaafu, na saini yake ya mwisho ofisini ilikuwa kwenye mkataba wangu.

Sasa mimi pia nimestaafu, niko Tanga. Vijana wanaosomea uvuvi huja kuniuliza niligundua spishi ngapi. Nawaambia hakuna. Wengine huona haya kwa ajili yangu, wakageuza mazungumzo. Nawaacha. Wakikaa na samaki muda wa kutosha, itafika siku watainua mmoja kwenye mwanga wakaona kitu ambacho hawakutaka kukiona, na siku hiyo hakuna mkubwa wala kitabu kitakachowaamulia. Mimi siku yangu niliogopa sana, nikasema. Katika miaka yote ile ya Doha, ndiyo kazi ninayoihesabu.